Gugu la Shambani ni la Nani?

Kila mwaka masika yakianza huzuka vijijini mwetu neno dogo ambalo wazee hulimaliza barazani kwa maneno machache, kisha mwaka wa pili huzuka tena kana kwamba halikupata kuamuliwa kamwe. Neno lenyewe ni hili. Mwanamke, mara nyingi mjane au mwenye watoto wengi, hupita katika shamba la mahindi la jirani yake, akachuma mnavu au mchicha uliojiotea kati ya mistari, akaenda zake kupika. Mwenye shamba akimwona humwambia, "Mama, umeniibia." Naye hujibu, "Baba, nimekuibia nini? Mnavu hukuupanda wewe. Kesho utaupalilia na kuutupa njiani ukauke." Hapo wengine hucheka na wengine hukasirika. Sisi twaona ya kuwa neno hili halistahili kicheko wala hasira, bali lastahili kufikiriwa, maana ndani yake mna swali kubwa kuliko kikapu cha mboga.

Tukitaka kujua gugu ni la nani, yatupasa kwanza kujua ni nini. Twalitaja gugu kana kwamba ni jina la jamii ya mimea, kama tusemavyo mgomba au mkunde. Lakini hapana mmea ulioumbwa gugu. Punje ya hindi iliyoanguka wakati wa mavuno ikaota mwaka huu katikati ya tuta la vitunguu ni gugu, nayo ni hindi lile lile ambalo ng'ambo ya njia twalilinda na nyani usiku na mchana. Ukoka ambao mtu aupanda mbele ya nyumba yake, akaumwagilia maji na kuufyeka vizuri ili wageni wausifu, ndio huo huo aulaanio akiukuta katika maharage. Kwa hiyo gugu si jina la kitu, bali ni hukumu. Ni neno la mtu aliye na jembe mkononi, naye alisema kwa ajili ya shughuli yake ya siku ile. Mtu mwingine, mwenye kikapu mkononi, akisimama pale pale ataita kitu kile kile mboga, naye hatakuwa amesema uongo.

Wala wenye vikapu si wachache. Katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, watu wamezoea tangu zamani kulima kabichi, karoti na mboga nyingine za asili ya Ulaya, wakazipeleka Tanga na Dar es Salaam kuuzwa. Mgeni akiona malori yale yaliyojaa kabichi atadhani kuwa ndicho chakula cha watu wa huko. Mwaka 1979 Anne Fleuret, mtaalamu wa desturi za wanadamu, alichapisha habari za majani ya kujiotea katika chakula cha watu wa Lushoto, na ilikuwa dhahiri ya kuwa majani hayo hayakuwa chakula cha siku za njaa tu, bali yalikuwa mboga ya siku zote. Kabichi ilikwenda sokoni, na gugu likaingia chunguni. Tena walioko nyumbani hawakupunjwa, maana kabichi nyeupe ina vitamini A kidogo sana, lakini mchicha na mnavu zina nyingi, nayo ndiyo ilindayo macho ya watoto.

Hebu tuyatazame majani yenyewe. Mchicha huota wenyewe penye samadi, hasa mahali palipokuwa zizi. Mnavu una majani laini na matunda madogo yanayoiva yakawa meusi. Katika Ulaya watu wengi waliuhesabu kuwa sumu, na huku kwetu wazazi huuchemsha wakawapa watoto. Mgagani ni mchungu kidogo, nao hupendeza ukipikwa kwa maziwa. Mchunga ni mchungu zaidi, lakini mtu wa pwani akiutia tui la nazi hataki tena kusikia habari ya kabichi. Mlenda huteleza na kuuteremsha ugali kooni bila taabu. Hata kishona nguo, kinachotudhihaki kwa kujishikiza katika kanzu tukienda ibadani, majani yake machanga huliwa mahali pengi, nacho si mwenyeji wa nchi hizi, bali kilikuja kutoka Marekani ya joto kama yalivyokuja mahindi. Mahindi tuliyakaribisha kwa heshima, na kishona nguo kikaingia bila hodi.

Sasa turudi kwenye shauri. Mwenye shamba anayo hoja nzuri kuliko ile anayoisema kwa kawaida. Yeye husema, "Ardhi ni yangu," na hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa hata ndege walio juu ya ardhi yake si wake. Lakini angeweza kusema hivi: "Mnavu hauoti msituni penye kivuli. Huota hapa kwa sababu mimi nimelilima bonde, nimeleta samadi, nimeufungua udongo kwa jua. Jembe langu ndilo lililouita." Jambo hilo ni kweli. Magugu mengi hufuata jembe kama kuku wafuatavyo mwenye pishi la mtama. Pasipo mkulima mengi yao yangekuwa machache mno. Basi jasho la mwenye shamba limo katika kile kikapu, ingawa yeye hakukusudia.

Walakini yule mama anayo hoja iliyo na nguvu zaidi, nayo imo katika jina lenyewe. Aliyekiita kitu gugu amekwisha kukikataa. Hawezi asubuhi kukihukumu kuwa takataka na adui wa mahindi yake, akakusudia kukikata na kukitupa, kisha jioni akidai kuwa ni mali yake iliyoibwa. Na achague moja. Kama ni gugu, aliyeling'oa amemfanyia kazi yake bila ujira. Kama ni mboga, na aipalilie, aichume, aile. Wazee wetu waliofuata desturi ya kumwacha kila mtu achume mboga za kujiotea katika shamba lo lote, mradi asikanyage mazao, walikuwa wameamua hivyo bila kuandika kitabu.

Kama shauri lingekwisha hapo tungekuwa na furaha. Lakini majina ya mimea hayakai mahali pamoja, na mahali pa kuonea jambo hili vizuri ni katika mkate.

Lugha yetu yenyewe imeunganisha shamba na mkate kwa namna ya ajabu. Twasema kupalia shamba, yaani kuondoa magugu kwa jembe. Tena twasema kupalia makaa, yaani kuyakusanya makaa ya moto juu ya mfuniko ili kilicho ndani kiive pia kwa juu. Mwanamke asiye na tanuri huoka kwa njia hiyo. Huukanda unga wa ngano kwa hamira na tui, akauacha uumuke mahali penye joto, akautia katika sufuria iliyopakwa mafuta, akateka makaa machache chini na mengi juu ya bati. Wenye haraka hupalia mengi chini, na mkate huungua tumbo kabla ya kuiva mgongo. Asiye na haraka hutoa mkate mwekundu, na harufu yake huwaita watoto wa nyumba tatu.

Na hiyo hamira ni nini? Watu wa pwani wengi walikuwa wakitumia tembo la mnazi kuumulia vitumbua na mikate ya kumimina, maana ndani ya tembo huingia chachu yenyewe, haikupandwa na mtu. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ndugu wa vile vinavyochachusha uji uliosahauliwa. Uji ukichacha bila kutakiwa twasema umeharibika. Unga ukichacha kwa saa tuitakayo twasema umeumuka. Tena msomaji wa Injili ya Mathayo, mlango wa 13, ataona ya kuwa mfano wa magugu na mfano wa chachu umekaa karibu sana, aya chache tu kati yao. Na chachu, ambayo mahali pengine katika Maandiko ni mfano wa uovu, hapo imefananishwa na ufalme wa mbinguni. Hatutaki kuwafundisha wachungaji kazi yao. Twasema tu ya kuwa jambo hilo limetufikirisha mara nyingi.

Lakini habari iliyotushangaza kuliko zote ni ya nafaka yenyewe. Katika Ulaya ya kaskazini na mashariki watu hula mkate mweusi, mzito, wenye ukali kidogo, uliookwa kwa nafaka iitwayo rai. Neno hili tusilichanganye na rai ya kutoa shauri. Hii ni jamaa ya ngano, ndefu na nyembamba. Mrusi mmoja, Nikolai Vavilov, aliyezaliwa mwaka 1887, alisafiri katika nchi ya Uajemi mwaka 1916, akaona rai ikiota katikati ya ngano bila kupandwa, nao wakulima wakiichukia. Alipopanda juu milimani aliona rai yazidi na ngano yapungua. Mwaka 1917 akaandika ya kuwa rai haikuanza kuwa zao, bali ilianza kuwa gugu la ngano. Watu walipoipeleka ngano mahali pa baridi, ngano ilidhoofika na gugu likastahimili. Mwaka kwa mwaka wakavuna gugu zaidi kuliko walichopanda, mpaka wakaacha kulilaani wakaanza kulitunza. Mkate wa Wajerumani, wa Wapolandi na wa Warusi ulitoka katika kitu kilichokuwa kikitupwa njiani. Vavilov mwenyewe alikamatwa na serikali ya nchi yake mwaka 1940, akafa gerezani Saratov mwaka 1943 kwa njaa, yeye aliyekuwa amekusanya mbegu za vyakula vya dunia nzima.

Wala hatuna haja ya kwenda Urusi kuuonja mkate huo. Pale Irente, karibu na Lushoto, shamba la Kanisa la Kilutheri limejulikana kwa miaka mingi kwa mkate wa rai na jibini. Mtu aweza kuketi pale, akitazama nyika iliyo mbali chini, akala kipande cha gugu la Waajemi wa kale, na nyuma yake mwanamke akachuma gugu la Usambara kando ya njia.

Basi gugu laweza kuwa zao, na hapo ndipo shauri la mjane wetu linapokuwa zito. Maana mnavu wenyewe sasa uko katika safari hiyo. Huko Kenya Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno na baadaye katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuchunguza mboga za asili na mbegu zake, na kuwashauri wakulima wazipande. Pale Arusha Kituo cha Mboga cha Dunia kilifungua tawi lake la Afrika mwaka 1992, nacho hutunza mbegu za mnavu, mchicha na mgagani kwa uangalifu kama watu watunzavyo fedha. Mnavu huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Sisi twafurahi sana. Ni haki ya mmea uliodharauliwa. Lakini mtu akisikia bei ya sokoni, siku ile ile macho yake hubadilika. Kile alichokiita gugu mwaka jana amekipanda kwa mistari mwaka huu, na yule mama akipita na kikapu chake sasa ni mwizi kweli. Ile hoja yake nzuri, "Wewe hukuupanda," imekufa.

Je, mjane ale nini? Wengine hujibu upesi, "Na alime wa kwake." Jibu hilo ni jepesi kwa mwenye mabonde mawili. Sisi tulipolifikiri zaidi tuliona ya kuwa kosa letu sote, katika kulisema shauri hili, ni kudhani kuwa haki ya maskini yategemea kitu kuwa takataka. Ile sheria ya Waisraeli katika kitabu cha Walawi, na tena katika Kumbukumbu la Torati, iliyoagiza pembe za shamba zisivunwe na masazo yasiokotwe, haikusema habari ya magugu. Ilisema habari ya nafaka na zabibu, mali halisi ya mwenye shamba, aliyoipanda na kuitolea jasho. Ruthu hakuokota majani yaliyokataliwa. Aliokota shayiri ya Boazi, na Boazi alijua bei yake. Basi mtu asemaye, "Nawaachia maskini magugu yangu," hajawaachia kitu bado. Amewaruhusu tu wafanye kazi ya kupalilia. Kumpa mtu kitu ambacho ungemlipa mwingine akitupe si ukarimu, ijapokuwa si vibaya.

Kwa hiyo twasema hivi kwa aliyegeuza mnavu wake kuwa zao. Ni wako, na aichumaye mistari yako usiku ni mwizi. Lakini kwa kuwa sasa ni wako, ndiyo kwanza umepata kitu cha kuacha pembeni. Mstari mmoja ulio karibu na njia usiuhesabu katika mafungu ya soko. Hasara yake ni ndogo kuliko ile iletwayo na nyani.

Liko neno jingine lililo zito zaidi, nalo ni la dawa. Siku hizi wengi hawapalilii kwa jembe, bali hunyunyizia dawa ya kuua magugu, na hatuwalaumu, maana migongo yataka kupumzika na vibarua wamekuwa ghali. Tena yako magugu ambayo hayana mtetezi. Kiduha hujishikiza katika mizizi ya mahindi na kuyanyonya, nacho kikikomaa huacha mbegu nyingi mno zinazongoja udongoni miaka kadhaa. Gugu karoti, lililoonekana Arusha mnamo mwaka 2010, huwasha ngozi ya mtu na kuyatia uchungu maziwa ya ng'ombe. Na mnanaha ni muuaji. Mwaka 2019, huko Karamoja katika Uganda, mbegu za jamii ya mnanaha zilichanganyika katika unga wa msaada. Mamia ya watu waliugua na watano wakafa. Hata yale magugu ya Injili, kama wanavyoeleza wataalamu wengi, yalikuwa mmea unaofanana na ngano mpaka utoe masuke, na mbegu zake zikisagwa pamoja na ngano, alaye mkate huo hushikwa na kizunguzungu. Asemaye kuwa kila jani ni rafiki atawazika watu.

Lakini dawa haichagui. Inayoua kiduha huua na mchicha, na majani hayanyauki saa ile ile. Kwa siku kadhaa mnavu ulionyunyiziwa huonekana mzima kama wa jana. Yule mama hajui kusoma kibandiko cha chupa, wala chupa haikuachwa shambani. Atachuma kama alivyochuma wiki iliyopita, atachemsha, atawapa watoto. Hapa hatuulizi tena mnavu ni wa nani. Hata kama ni wako kabisa, na yeye ameingia bila ruhusa, hapana sheria ya Mungu wala ya wanadamu inayosema mwizi wa mboga na afe na watoto wake. Mwenye kunyunyizia na atangaze kwa majirani siku mbili kabla, nyumba kwa nyumba, na atie alama iliyo wazi katika kila njia iingiayo shambani, kitambaa chekundu juu ya mti, na wazee wawafahamishe watu wote maana yake. Katika neno hili hatuoni nafasi ya kubishana, na mahali wanapobishana tungependa mwenyekiti wa kijiji asimame.

Na mchumaji naye ana wajibu wake. Ajulishe mapema kuwa atapita, hata kwa kupiga hodi tu penye kijia. Asiingie baada ya mvua, wakati udongo unaposhikana na kila hatua huukaza juu ya mizizi. Asikanyage maharage machanga yaliyo kati ya mahindi. Achume ncha kwa vidole, asing'oe shina, maana mnavu uliokatwa ncha huchipuka tena, hata mama mwingine akapata. Na kila penye mashina mengi aache moja au mawili yaive matunda meusi, ndege wayale na kuzitawanya mbegu. Kiduha akikiona na ang'oe chote kabla hakijatoa maua, akakichome moto nyumbani kwake.

Mwanamke mmoja wa huku kwetu, anayeoka mikate ya sufuria siku za Jumamosi, ana desturi ya kupeleka kipande kimoja kwa kila mwenye shamba alikochuma juma lile. Wengine humwambia kuwa kwa kufanya hivyo anakiri deni ambalo hana. Yeye husema ya kuwa mkate ukiwa moto hauulizi.